Suuza na Sifongo Namba Arobaini na Moja

Ninalotaka kusimulia hapa hakuna atakayeliamini. Kinyozi wangu nilipomwambia alizima mashine, akaniacha na kichwa nusu, akasema, "Mzee, nenda kwanza ukatulie." Nikaenda, nikatulia, nikarudi, nusu ya pili ikanyolewa, na habari ni ileile: yuko mwanamke mmoja, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, aliyeitingisha maabara nzima ya watu wenye digrii kwa brashi ya kuoshea chupa. Asiyetaka kuamini aende zake mapema.

Kazini wanamwita Suuza. Jina hilo alijipatia mwenyewe, kwa sababu neno lenyewe halimtoki mdomoni. Mkabidhi chupa unayodai ni safi: ataiinua kwenye mwanga wa dirisha, atafumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege, kisha atakurudishia. "Suuza." Nyumbani kwake ni hivyohivyo. Mumewe anasema siku ya kwanza alipomtembelea alipewa glasi ya maji, akanywa funda moja, akaitua mezani ili apumue. Ikanyakuliwa, ikaoshwa, ikafunikwa. Maji yale hajayamaliza mpaka leo, na watoto wana watatu.

Chumba chake cha kazi kiko mwisho wa korido, ghorofa ya chini. Kina sinki mbili za chuma, dirisha moja, meza ndefu yenye vigae vyeupe, na chaga za waya ambako chupa na mirija ya kioo hukaushwa vichwa chini. Kitambaa hakikanyagi humo. Kitambaa, anasema, huacha nyuzi. Kanuni za maabara zilitaka kila chupa isuuzwe mara tatu kwa maji ya bomba na mara moja kwa maji ya mvuke, yale yasiyo na chumvi wala chokaa. Yeye alisuuza mara saba kwa ya bomba na mara tatu kwa ya mvuke. Ukimuuliza sababu, anakwambia, "Mara tatu ni ya watu wenye haraka."

Tena alikuwa akihesabu kwa midomo, bila sauti. Ukimsemesha akiwa kwenye tano, anarudi kwenye moja. Ndiyo maana jengo zima lilikuwa na adabu moja ya ajabu: ukifika mlangoni kwa Suuza, humsalimii. Unasimama. Unangoja ageuke. Hata mwenye njaa, hata mwenye haraka ya choo. Miaka kumi na sita hivyo, na kuosha huko nani alimfundisha? Sitaki kujisifu, ila mimi mjomba wake nimewahi kufanya kazi kiwanda cha soda, kitengo cha chupa, na watu wanaojua kazi wananikumbuka.

Sasa, maabara hiyo inafanya nini? Inatafuta dawa ndani ya sifongo. Msinikodolee macho. Sifongo ya kweli, kabla watu wa kiwandani hawajaiga ile ya kusugulia sufuria, ni mnyama. Anaishi chini ya bahari, kwenye mwamba. Hana macho, hana mdomo, hana miguu, hana jino hata moja. Kazi yake ni kukaa palepale na kunyonya maji yapite mwilini mwake. Mimi nilipoelezwa nilicheka, nikasema nina shemeji wa aina hiyo. Lakini fikirini: mnyama asiyeweza kukimbia wala kuuma, katikati ya samaki wenye njaa, anaponaje? Anapona kwa sumu. Anayemng'ata anajuta, na anayetaka kuota juu yake anakufa akijaribu. Na wakubwa wa sayansi waligundua zamani kwamba katika sumu za namna hiyo zimo zinazoweza kuua seli za saratani. Zipo dawa za hospitali zilizoanzia kwenye sifongo. Hilo si langu, kaulizeni.

Basi mzamiaji wa maabara hushuka, hukata kipande cha sifongo, hukitia namba. Kipande husagwa, hulowekwa kwenye spiriti, spiriti hukaushwa, na kinachobaki hudondoshwa kwenye kisahani chenye visima vidogo tisini na sita. Ndani ya kila kisima kuna seli za saratani, zimelelewa kwenye kabati la joto na dada mmoja mpole ambaye wote wanamwita Mlezi, kwa sababu huzisemesha zile seli kama vifaranga. Baada ya siku tatu anatazama: zimekufa au zinanenepa?

Sifongo arobaini za kwanza, seli zilinenepa. Namba arobaini na moja, yenye rangi ya ini, ukubwa wa kidole gumba, seli zilikufa. Zote. Mlezi alikuja mpaka kwenye sinki, akangoja mpaka saba, kisha akasema, "Dada Suuza, nimelea, nimezika, na nina furaha." Profesa, mkuu wa maabara, mtu mrefu mwenye kipara kinachong'aa kuliko chupa, alitembea koridoni akipiga mluzi.

Ila kidole gumba hakitoshi kitu. Mzamiaji akashuka tena, akaleta kipande cha ukubwa wa mkate. Kikasagwa, kikalowekwa, kikadondoshwa. Siku ya tatu Mlezi akafungua kabati, akakuta seli zimenona kama wageni wa harusi. Akarudia. Zikanona zaidi.

Profesa akafikiri siku mbili, na watu wenye kipara wakifikiri huwa inaonekana. Siku ya tatu aliingia kwa Suuza, hakusimama mlangoni, hakungoja. Suuza alikuwa kwenye tano.

"Mama," alisema Profesa, "ile sifongo ya kwanza haikuua kitu. Kilichoua ni sabuni."

Suuza alifunga bomba. "Sabuni gani?"

"Yako. Iliyobaki kwenye chupa. Sabuni inaua seli, hilo hata mtoto anajua. Ndiyo maana mara ya pili, chupa zikiwa hazina sabuni, hatukupata kitu. Ijumaa naifuta namba arobaini na moja kwenye orodha, na kwenye ripoti nitaandika sababu." Akatoa karatasi iliyochapwa, akaibandika kwa utepe juu ya sinki, usawa wa macho. JINSI YA KUOSHA CHUPA. Hatua kumi. Hatua ya saba: SUUZA VIZURI.

"Profesa," alisema Suuza, "hiyo ripoti inasomwa na nani?"

"Na kila maabara tunayoshirikiana nayo."

"Kwa hiyo kila maabara itasoma kwamba mimi ni mchafu."

"Itasoma kwamba kulikuwa na mabaki ya sabuni."

"Ni kitu kilekile kimevaa tai," alisema Suuza, akafungua bomba, akaanza tena kwenye moja.

Jioni ile nilikuwa jikoni kwa dada yangu, na Suuza alipita kumsalimia mama yake. Nilijua kuna jambo, kwa sababu aliziondoa kabatini sahani zilizokwisha kuoshwa, akaziosha. Akatusimulia mgongo ukiwa kwetu.

Mimi, kama mtu mzima mwenye busara, nikampa ushauri. "Mpwa wangu, mwombe radhi yaishe. Neno dogo tu. Mkubwa akishaombwa radhi anasahau."

Aligeuka na sahani inachuruzika. "Mjomba, wewe ukiambiwa umeiba kuku, utaomba radhi?"

"Inategemea kuku yuko wapi."

Mama yake alicheka, yeye hakucheka. "Miaka kumi na sita," alisema. "Mikono hii imechubuka kwa maji ya chumba kile. Namba yao nitaitetea, na chupa zangu nitazitetea. Wakitaka kunifukuza wanifukuze kwa jambo nililolitenda."

"Na ukikuta kweli kulikuwa na sabuni?" aliuliza mama yake taratibu.

"Mama, wewe umenizaa. Kulikuwa na sabuni?"

Dada yangu alimtazama, akatazama sahani. "Hapana," alisema. "Haiwezekani."

Kesho yake asubuhi Suuza alibeba kreti ya chupa mpaka ofisini kwa Profesa, akaitua juu ya makaratasi yake bila kuuliza pa kuiweka.

"Chagua ishirini," alisema. "Chagua wewe, mimi nakupa mgongo. Zijaze maji ya mvuke, zitikise, kisha Mlezi ayadondoshe hayo maji kwenye seli zake. Kama chupa zangu zina sabuni, seli zitakufa."

"Mama, nina kazi nyingi."

"Na ya ishirini na moja tia tone moja la sabuni yangu, ili tuhakikishe kwamba inaua kweli. Usije ukawa umenisingizia na sabuni yenyewe umeisingizia."

Mlezi, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa kiganja. "Profesa," alisema, "hilo ni jaribio kamili. Sisi wenyewe hatukulifanya."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mtu wa sayansi ukimwambia hajafanya jaribio ni kama umemwambia suruali yake imefunguka. Akachagua chupa. Alichagua kwa ubaya pia: zile za chini kabisa ya kreti, zenye shingo nyembamba ambamo brashi huingia kwa taabu.

Siku tatu jengo zima lilitembea kwa vidole. Suuza aliosha kama kawaida, ile karatasi ikiwa mbele ya uso wake. Hakuibandua. Wala hakuisoma. Maji yakiirukia, aliyaacha.

Siku ya nne Mlezi alitoka na kisahani mikononi, akawaita wote koridoni. Visima ishirini: seli hai, nono, hazina habari. Kisima cha ishirini na moja, chenye tone la sabuni: kimya kama makaburini.

"Kwa hiyo sabuni inaua," alisema Mlezi, "lakini kwenye chupa za dada Suuza haimo."

Wengine walipiga makofi. Mimi ningekuwapo ningepiga mluzi. Suuza alimtazama Profesa tu. Alikuwa ameshinda. Angeweza kurudi kwenye sinki yake kichwa juu, na hadithi ingeishia hapo, ingekuwa fupi na tamu.

Lakini Profesa alikuwa bado ana swali lake mkononi na hakuwa na pa kuliweka. Akamgeukia mzamiaji, mzee mmoja wa maneno machache, mabega mapana, masikio yaliyoharibika kwa kina cha maji hata lazima umsemeshe upande wa kulia. "Basi ni wewe," alisema. "Ya pili siyo sifongo ileile. Umekata nyingine inayofanana nayo."

"Ni ileile," alisema mzee.

"Haiwezi kuwa ileile."

"Mwamba uleule, chini ya ukingo, kwenye kivuli. Nilipoikata ilinitemea ute mweusi, glovu zangu mpaka leo zinanuka."

"Ute?" Mlezi alikunja uso. "Iliyonifikia mimi haikuwa na ute, mzee wangu. Wala harufu. Ilikuja safi kama ya kununua dukani."

"Umeona?" alisema Profesa. "Siyo ileile. Mkataba wako unakwisha mwezi huu, mzee. Sidhani kama tutauendeleza."

Mzee aliinamisha kichwa kama mtu asiyesikia vizuri na aliyeamua kutokusikia zaidi.

Na hapo ndipo Suuza alipoikumbuka ndoo.

Ilikuwa mchana wa kawaida, siku kile kipande cha ukubwa wa mkate kilipoletwa. Mzee alikuja na ndoo, akakuta friza ya sampuli imefungwa na mwenye ufunguo kaenda kula. Akaiweka kwenye meza ya vigae, akasema, "Niangalizie kidogo, dada." Suuza akaiangalia. Ndani mlikuwa na kitu cha ajabu: tope, ute mweusi unaovutika, vijidudu vinatambaa kwenye matundu, kakaa kadogo kamejificha pembeni, na harufu ya kuziba pua. Kitu cha Profesa hicho! Kinachokwenda kuingia kwenye chupa zake! Moyo wake ukakataa. Akavaa glovu, akakitoa, akakiweka chini ya bomba. Mara saba. Kila mara alikikamua kwa mikono miwili, maji yakatoka meusi, yakawa ya kahawia, yakawa ya rangi ya chai, mara ya saba yakatoka meupe. Kakaa akakatoa dirishani. Mzee aliporudi na ufunguo alichungulia ndoo, akasema, "Leo imependeza," akaenda zake. Na Suuza aliona fahari siku nzima.

Sasa alisimama koridoni akijua ute ule umekwenda wapi. Ulipita kwenye bomba la maji machafu, ukiwa na kila walichokuwa wanakitafuta.

Hakuna aliyeona. Hakuna aliyemshuku. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kushinda. Na kanuni ya kwanza ya jengo, iliyoandikwa kwa herufi nyekundu kwenye mlango mkuu, ilisema anayegusa sampuli bila idhini ataachishwa kazi siku hiyohiyo.

"Profesa," alisema Suuza, "mwache mzee wa watu. Sifongo ni ileile. Niliiosha mimi."

Profesa alidhani hakusikia vizuri. "Uliosha nini?"

"Namba arobaini na moja. Mara saba. Na nikaikamua."

Hata friza, wanasema, ilinyamaza.

"Nani alikuruhusu kugusa sampuli?"

"Hakuna. Ilikuwa chafu."

"Chafu!" Profesa alishika kipara kwa mikono yote miwili. "Mama, ule uchafu ndio—" Akashindwa kumalizia.

Mlezi akamalizia kwa sauti ndogo, macho yake yanawaka. "Huenda ndio dawa yenyewe. Sifongo ina wapangaji, bakteria wanaishi humo kwa mamilioni. Mara nyingine sumu wanaitengeneza wao. Na hata kama ni yake yenyewe, ukiilowanisha kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi ya bahari na kuikamua mara saba, inabaki nyumba tupu."

"Unaijua kanuni ya kwanza ya jengo hili?" Profesa alimuuliza Suuza.

"Naijua. Mimi ndiye ninayeifuta vumbi." Alisimama wima, mikono iliyochubuka ikiwa mbele ya aproni, wala hakupepesa. "Andika barua, Profesa. Lakini barua iseme nimefukuzwa kwa sababu nimeosha mno. Isiseme sikuosha. Hiyo siisaini, hata uniletee polisi. Na muhuri usiupige mpaka mzee ashuke tena akalete nyingine. Seli zisipokufa, nitaondoka na brashi yangu, sitadai kitu. Zikifa, namba arobaini na moja inabaki kwenye orodha, na mzee anabaki na mkataba wake."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshakwambia nilichokifanya. Hilo la kwangu uamue wewe."

Mzamiaji alikuwa amegeuza sikio la kulia. "Nashuka kesho," alisema.

Alishuka. Akarudi na ndoo, na mara hii friza iliachwa wazi inamngoja. Ndoo ilipita mbele ya mlango wa Suuza ikidondosha tope na ute juu ya sakafu aliyoipiga deki asubuhi ileile. Alisimama mikono ameifunga mgongoni, vidole vimeshikana kwa nguvu, na Mlezi anaapa kwamba midomo yake ilikuwa inahesabu. Moja, mbili, tatu. Ilimuuma kama jino. Hakusogea.

Siku tatu nyingine. Barua ya kuachishwa kazi ililala juu ya meza ya Profesa, imechapwa, haina muhuri. Kila aliyeingia aliiona, na kila aliyetoka alimwambia Suuza. "Imeandikwaje?" aliuliza. Wakamwambia: kwa kusafisha sampuli kupita kiasi. "Vizuri," alisema, akaendelea na kazi, na mama yake ananiambia siku hizo nyumbani aliosha mpaka vishikio vya milango.

Siku ya nne seli zilikufa. Visima vyote, safu kwa safu. Mlezi alirudia kwa kundi jingine la seli, zikafa. Akaenda kwa Suuza, akangoja mpaka saba, akamwambia, kisha akamwambia na ukweli wote, kwa sababu ni mtu mwaminifu: kutoka tone kwenye kisahani mpaka kidonge mkononi mwa mgonjwa ni miaka mingi, na nyingi ya namba hizi hufia njiani.

"Miaka mingi," alisema Suuza. "Basi chupa zitatakiwa nyingi." Akachukua nyingine.

Na hapa sasa sogeeni karibu, maana ndipo pale kinyozi alipozima mashine. Profesa alipopata habari alitoka ofisini mbio, barua mkononi, ameichana vipande vinne, na nyuma yake wakafuata wataalamu wote wa jengo, arobaini, labda hamsini, wengine machozi yanawatoka. Akaingia chumba cha sinki, akavua koti lake jeupe, akamvisha Suuza mabegani, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akashika ile mikono iliyochubuka, na akatamka kwa sauti iliyosikika mpaka nje barabarani kwamba tangu siku hiyo dawa hiyo ikitoka itaitwa kwa jina la mjomba aliyem—

"Mjomba, weka kalamu chini." Suuza yuko nyuma ya kiti changu, sijui tangu saa ngapi, na anasoma. "Jengo zima tuko kumi na mmoja. Alikuja peke yake. Nilikuwa kwenye nne. Akasimama mlangoni, akangoja mpaka saba. Kisha akaibandua ile karatasi ya hatua kumi kwa ukucha, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakusema neno, na barua sikuiona tena. Andika hivyo."

"Na koti?"

"Koti alinipa kweli. Lilikuwa na doa."